Mama Émerance na Jina la Syntiche

Mimi sina subira, nalisema mapema ili mtu asije akashangaa mbele. Naitwa Annie, ni muuguzi. Miaka kumi na moja napima watoto kilo katika kituo kimoja cha afya pale Ruashi, hapa Lubumbashi, na nimegombana na kila mtu mule ndani, kuanzia daktari mpaka sentinele wa mlangoni. Mmoja tu alinishinda: Mama Émerance, wa mashine, yaani kompyuta ya majina. Ukimfokea anakuangalia, anangoja umalize, kisha anauliza, "Bon. Jina ya mutoto ni nani?" Na vidole viko tayari juu ya klavie.

Kwao ni Butembo, Kivu ya Kaskazini, mji wa wafanyabiashara. Alikuja Lubumbashi miaka kumi na tisa iliyopita kumfuata mumewe, Mbusa, mwenye lori la mizigo linalokwenda na kurudi Mokambo, mpakani na Zambia. Mbusa siku zote yuko njiani. Watoto hawakujaliwa. Shemeji zake wenye depo za bidhaa walimcheka sana: mwanamke wa Butembo mzima anakaa ofisini kuandika majina ya watoto wa wenzake, badala ya kuuza magunia! Yeye alikuwa anacheka nao, na kesho yake saa moja na nusu yuko ofisini, anaondoa kitambaa alichofunika mashine kwa ajili ya vumbi la mgodi, anakikunja mara nne, anakiweka kwenye droo. Alipenda majina yakae sawasawa. Kazi nyingine hakuitaka.

Sasa, pale kituoni tuna watoto wa SS, wale wenye ugonjwa wa damu unaowavunja mifupa kwa maumivu. Kuna mradi unaowaletea dawa: gélule, zile za ganda la rangi mbili zenye unga ndani, moja kila siku, bila kuruka. Mtoto akizinywa vizuri anacheza, anakwenda shule, unasahau kama ni mgonjwa. Asipozinywa, Mungu anajua. Dawa hutolewa Jumanne ya kwanza ya mwezi, kwa liste. Jumatatu Émerance anabonyeza kitufe kimoja, "Liste ya mwezi", karatasi zinatoka na majina yote. Asubuhi mimi naandika kilo ya kila mtoto mbele ya jina lake, kisha Kasonde wa famasi anagawa. Kasonde ni mtu wa sheria. Watu wa mradi wanakuja kupiga picha zile karatasi na kuhesabu gélule zilizobaki, kwa hiyo jina likikosekana, hata ulie damu, atakujibu hivi: "Liste ni liste."

Mwezi wa pili mwaka huu akaja mama mmoja mwembamba, Bwalya, mwenye mabinti pacha wa miaka saba, wote wawili SS. Lakini jina la Bwalya hakuna aliyelitumia. Kwa Wabemba, mwanamke akizaa mapacha anaacha jina lake, anaitwa Nampundu, na wale watoto wote wawili wanaitwa Mpundu. Mpundu Keren, Mpundu Syntiche. Walikaa kwenye benchi watatu, wakala andazi moja walilogawana vipande vitatu, na Syntiche akaniuliza kama mizani yangu inasemaka uongo. Nikamwambia inasema uongo kwa watu wanene tu. Akacheka mpaka akakohoa.

Siku hiyo daktari mwenyewe aliwapa paketi zao za kwanza mkononi. Émerance akawaandika kwenye mashine. Mwezi wa tatu wakarudi, Jumanne ya kwanza, wamependeza, wameongezeka kilo. Kasonde akasoma liste kwenye kidirisha chake. Mpundu Keren yupo. Mpundu Syntiche hayupo.

"Nilimwandika!" Émerance alisema. "Nilimuandika na hii mikono yangu."

Akaenda kwenye mashine. Jina halimo. Akaliandika tena, akaangalia kwenye kioo cha mashine, limo, namba mia mbili na kumi na nne. Akabonyeza kitufe, karatasi ikatoka: Keren yupo, Syntiche hayupo. Akarudi kutazama kwenye mashine: Syntiche hayumo tena. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake na nywele zilinisimama. Akaandika mara ya tatu. Akabonyeza. Hakuna. Mwishowe akachukua kalamu, akaongeza jina kwa mkono chini ya karatasi, akampelekea Kasonde.

"Mama Émerance, ninakuheshimia sana," Kasonde akasema. "Lakini ile ya bic bataniuliza nani aliandika. Liste ni liste. Mwezi ujao."

Nampundu alisimama pale na paketi moja mkononi na watoto wawili. Hakupiga kelele. Akasema, "Haina neno, mwezi ujao," akawashika mikono wakaondoka. Mimi ndiye niliyepiga kelele, nikamwambia Kasonde maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Haikusaidia chochote.

Ile programu ilitengenezwa na kijana mmoja aitwaye Djo, fundi wa mashine, ambaye baadaye alipata kazi Kolwezi akatuacha. Émerance akamwandikia kwenye WhatsApp. Djo alikuwa kazini ndani ya mgodi, simu inafungwa wiki nzima, akajibu baada ya siku tisa, kwa sauti, na nyuma yake kelele za malori: "Yaya, dada yangu, kama jina inapotea yenyewe, hiyo ni procédure, maagizo ya mashine, inaifuta. Haiko mu programu ya kitufe, iko mu base ya data yenyewe. Ufungue ile logiciel ya base, utaona kule kushoto procédures stockées. Uangalie humo."

Émerance hakuwahi kuingia huko. Alijua programu ya vitufe tu. Ile nyingine, anayoiona Djo, alikuwa anaiogopa kama mtu anavyoogopa kufungua kifuniko cha saa ya mwenzake. Lakini aliifungua. Aliniita nikae naye, kwa sababu, alisema, mambo yakiharibika bora shahidi awepo. Upande wa kushoto wa kioo kulikuwa na majina yamepangwa kama matawi, na kila tawi lina mshale mdogo. Ukibonyeza mshale, tawi linafunguka. Akafungua lile la kwanza, Tables: wagonjwa, tarehe za kuja, famasi. Hayo aliyatambua, ni majina yake mwenyewe aliyoyaandika miaka yote. La pili, Vues: liste mbili tatu za kutazama tu. La tatu ndilo lenyewe, Procédures stockées. Akabonyeza mshale.

Pakafunguka patupu. Hakuna hata neno moja.

Akafunga, akafungua tena. Patupu. Akabonyeza kulia, akabonyeza kushoto, akapekua kwenye menyu ya juu, Fichier, Édition, Affichage, Outils, kila neno akilisoma kwa midomo kama anasali rozari, na yeye ni Mprotestanti. Siku mbili alipekua hivyo, kila saa ya chakula. Kisha akamjibu Djo: "Nimeona kule. Haiko kitu." Djo akajibu: "Basi sijue, yaya. Labda balishafutaka." Na akaingia tena chini kwenye shimo lake.

Mungu anisamehe, nami nilimwambia aache. Nilimwambia mashine ina pepo, amwachie daktari aandike barua kwa mradi. Daktari aliandika. Barua za kujibiwa na mradi, nyinyi mnajua zinavyokwenda.

Mwezi wa nne: Keren yupo, Syntiche hayupo. Sasa maneno yakaanza kule nje kwenye mabenchi. Mama mmoja akasema Bakivu wanauza nafasi. Mwingine akasema ile jina imeshachukuliwa na mtoto wa tajiri wa Karavia. Émerance aliyasikia yote, kidirisha chake hakina kioo. Siku hiyo alisahau kufunika mashine alipoondoka, nikaifunika mimi.

Na mimi je, nilikuwa nafanya nini? Nilikuwa napima kilo. Hapa ndipo nataka kuficha na siwezi, kwa sababu mficha maradhi kifo humuumbua. Mwezi wa tatu Keren alikuwa na kilo kumi na tisa. Mwezi wa nne, kumi na nane na kidogo. Mwezi wa tano, kumi na saba na nusu, na macho yake yameanza kuwa ya manjano. Huyu ndiye mwenye dawa! Jina lake halijakosekana hata mara moja! Kama angekuwa Syntiche ningeelewa, lakini Keren? Nikamgeukia mama yao mbele ya watu wote.

"Nampundu, hii dawa unamupatiaka huyu mutoto, ao unauzisha?"

"Ninamupatia, mama."

"Kila siku?"

"Kila siku, mama."

"Uongo! Angalia mutoto! Banakupatia dawa ya bure, na weye unaichezea?"

Aliinamisha kichwa. Benchi zima lilikuwa linamtazama. Syntiche alinitazama mimi, na safari hii hakuuliza kitu juu ya mizani.

Siku hiyohiyo, Jumanne ya mwezi wa tano, mchana, Djo akapiga simu. Alikuwa kwenye mapumziko, amekumbuka. Émerance akaweka sauti juu ili na mimi nisikie.

"Yaya, ile kintu yako ilinisumbua kichwa. Unapoingiaka mu logiciel ya base, unaingiaka na compte gani, jina gani ya kuingilia?"

"Na compte yangu, si ile ulinipatia?"

"Mawe! Yaya, njo vile! Compte yako haina na droit ya kuona procédures. Haikuambie 'hauna ruhusa', inakuonyesha paka vide, patupu. Haikuwa vide. Ni weye haukuwe unaona."

Mimi nikamnyang'anya simu. "Djo, karibu miezi mbili! Juu ya nini haukusema?"

"Hamukuniuliza, mama Annie. Mulisema haiko kitu, na miye nikaitika haiko kitu."

Kuuliza si ujinga, wanasema, lakini lazima ujue kwanza kwamba kuna la kuuliza. Djo akamtajia compte kubwa na neno la siri. Émerance akaandika polepole, herufi moja moja. Akaingia. Matawi yaleyale, mishale ileile. Akabonyeza mshale wa tatu.

Yakatoka majina kumi na moja.

Nilisikia anavuta pumzi. Yalikuwa yamekaa pale siku zote, kidole kimoja kutoka kwake. La nne liliitwa "liste_mois". Djo akamwambia abonyeze kulia, achague Modifier. Ukafunguka ukurasa wa maandishi, ya Kifaransa na ya mashine yamechanganyika. Émerance si fundi, lakini majina ya vitu ndani yake aliyaweka mwenyewe, kwa hiyo aliweza kusoma kama mtu anayesoma barua ya lugha ya jirani. Kabla ya kutoa liste, ile procédure ilikuwa inatafuta watu wawili wenye jina moja, baba mmoja, mama mmoja na siku moja ya kuzaliwa. Prénom, yaani lile Keren au Syntiche, haikuiangalia. Ikiwapata, inamwacha wa kwanza na kumfuta wa pili. Na juu kabisa, mstari wa kwanza, Djo alikuwa ameandika kwa desturi yao mafundi ya kuandika kazi imetoka kwa nani: "Kufuta doublons (walioandikwa mara mbili) bila kuangalia prénom. Imeombwa na Mama Émerance."

Aliusoma. Nami niliusoma. Djo kwenye simu akawa anasema "Allô? Allô?" mpaka akakata.

Akakumbuka yote, akanieleza papo hapo, uso umemkauka. Ilikuwa miaka miwili nyuma. Mtoto mmoja wakati ule alikuwa anaandikwa mara tatu, kwa sababu mtoto wa hapa kwetu haji na prénom moja: akiletwa na mama ni Benita, akiletwa na nyanya ni Dorcas, kanisani wamembatiza kitu kingine, na kila mmoja anaapa kwamba ndilo lenyewe. Liste ilijaa watu arobaini wasiokuwapo, mradi ukatishia kuondoka. Basi alikaa na Djo, bega kwa bega, akamwambia prénom asiiangalie, inadanganya. Aangalie jina, wazazi, na siku ya kuzaliwa. Djo alimwuliza: na kama ni watu wawili kweli? Émerance alicheka. "Bantu babili, jina moja, baba moja, mama moja, siku moja? Wapi!"

Kwao Butembo kila pacha anapewa jina lake. Miaka kumi na tisa ameishi na sisi, anawaita wanawake Nampundu asubuhi na jioni, na siku ile na Djo alikuwa hajajua kwamba watoto wenyewe wote wawili ni Mpundu. Na hakuna aliyemwambia, kwa sababu kwetu hilo si jambo la kumwambia mtu. Mimi mwenyewe, mtoto wa Lubumbashi, nilimwona Djo akifanya kazi ile wiki nzima, nikamletea na chai. Sikuuliza.

Djo alipopiga tena, akamwelekeza mstari wa kuzima. Émerance akaandika Syntiche mara ya mwisho, akabonyeza. Karatasi ikatoka. Mpundu Keren. Mpundu Syntiche. Hakufurahi. Alikwenda kabatini, akatoa fishi za karatasi za miaka miwili, akaanza kutafuta Mpundu wengine. Akapata wawili waliofutwa. Mama wa mmoja alikuwa amehamia Zambia. Namba ya simu ya mwingine haikupita, mpaka leo haijapita.

Kasonde alipoona jina limechapwa na mashine, alitoa paketi ya Syntiche. Nampundu alikuwa ameshaondoka zamani, simu yake imezimwa. Kesho yake baada ya saa za kazi, mimi na Émerance tukatoka kwa miguu kumpelekea. Wanakaa karibu na ukuta wa mgodi, nyumba ya vyumba viwili waliyojenga wenyewe, matofali bado hayajapigwa lipu, na mlango ni bati. Jua lilikuwa bado juu. Émerance alikuwa ameshika paketi kwa mikono miwili njia nzima, na mimi nilikuwa nimeshatunga maneno ya kuomba msamaha kwa yale ya benchi, maneno mazuri, yenye kiburi kidogo ndani.

Nampundu alikuwa amechuchumaa sebuleni. Mbele yake kuna sahani mbili ndogo za plastiki, na wembe. Alikuwa amefungua gélule moja, amemwaga unga kwenye karatasi ya daftari, na anaugawa kwa wembe katikati, anasogeza chembe huku, anasogeza kule, mpaka mafungu mawili yalingane. Hakushtuka tulipoingia, kwa sababu hakuwa anafanya kitu cha kuficha.

"Nampundu," nikasema, "unafanya nini?"

"Ninabapatia dawa."

"Bote babili? Mu gélule moja?"

"Mama Annie, bale ni mapasa." Alinitazama kama mimi ndiye mtoto. "Mapasa habapatiake moja, mwingine anaangalia. Ukipatia moja, mwingine atakasirika, atakwenda. Bananifundisha vile tangu nabazala. Kanguo mbili, sahani mbili, kila kintu sawasawa. Muliniambia mwezi ujao, mwezi ujao. Njo nikakata."

Miezi miwili. Nusu kwa nusu. Nikaelewa kilo zangu zote kwa mpigo mmoja, na maneno yangu mazuri yakanikauka mdomoni. Na yeye alikuwa amenijibu ukweli mtupu siku ile: ninamupatia, kila siku, mama.

Keren alikuwa amelala kwenye mkeka chumba cha pili. Tulipomwita aligeuza kichwa, lakini mkono wake wa kulia haukusogea, na mdomo ulikuwa umekwenda upande. Syntiche alikuwa amekaa karibu naye, anamshikia ule mkono. "Tangu asubuhi analala tu," akasema.

Nilimbeba mgongoni mpaka barabarani. Émerance akasimamisha teksi, akalipia. Hospitali walitupokea, walifanya walichoweza, na sina lawama kwa mtu yeyote kule. Jumamosi, saa nne ya asubuhi, Keren akaenda.

Kwenye kilio hakuna aliyelia kwa sauti. Shangazi wa Wabemba alisimama mlangoni akimwambia kila aingiaye: "Mpundu habamuliliake. Mukilia, ataita mwenzake." Kwa hiyo tulikaa pale, wanawake thelathini, kimya kwa nguvu, na mimi nilijiuma mkono mpaka ukavimba. Sijawahi kuona kilio kibaya kama kile. Kasonde alikuja, akakaa nje na wanaume, kofia yake magotini.

Émerance alisubiri mpaka siku ya tatu. Akapiga magoti mbele ya Nampundu, akamweleza yote, kuhusu Djo, kuhusu mstari ule wa kwanza, hakujitetea mahali popote. "Ni miye niliomba ile kintu ifute. Ni miye."

Nampundu alimsikiliza. Syntiche alikuwa amelala mapajani mwake.

"Mashine yako haikujua," akasema. "Mashine haina na macho. Lakini weye, Mama Émerance, ulikuwa unatuona pale pa ntebe. Ulituona tuko batatu."

Émerance hakuinuka, ikabidi mimi na shangazi tumwinue. Maji yakimwagika hayazoleki.

Jumanne ya kwanza ya mwezi wa sita Nampundu akaja na Syntiche. Nikampima. Kumi na saba kamili. Kilo mbili chini ya mwezi wa tatu. Nikaogopa. Safari hii sikufoka, nilichuchumaa nikauliza taratibu: Nampundu, ile paketi tulileta, Syntiche anaimaliza?

"Anakunywa nusu yake."

"Na nusu ingine?"

"Ya Keren. Ninamuwekea mu sahani yake."

"Nampundu..."

"Nikipatia huyu yote, yule ataona nimemusahau. Atakuja kumukamata."

Nilimwita daktari. Daktari alieleza vizuri, kwa upole, robo saa nzima, akachora hata chembe za damu kwenye karatasi. Nampundu aliitika kila neno, aksanti docteur, ndiyo docteur, na nikaona kabisa machoni mwake kwamba nyumbani wembe unamngoja. Mtu aliyempoteza mmoja kwa sababu alihesabiwa peke yake, utamwambiaje amhesabu aliyebaki peke yake?

Émerance alikuwa amesimama kwenye mlango wa ofisi yake. Alikuwa amesikia yote. Aligeuka akaingia, nami nikamfuata, maana nilijua kazi gani inamngoja mule ndani: mtoto akifa, kuna kiboksi kwenye ukurasa wake, "décédé", unakitia alama, jina linatoka kwenye liste. Mwezi huo alikuwa hajakitia, hata liste ya Jumatatu alikuwa hajaitoa. Ukurasa wa Mpundu Keren ulikuwa wazi kwenye kioo, na kidole chake kilikuwa juu ya kipanya.

Kisha akafunga ukurasa bila kugusa kiboksi, akabonyeza "Liste ya mwezi". Mwanamke ambaye aliomba mashine ifute watu wasiokuwapo.

"Émerance," nikamwambia, "bakijua, ni kazi yako."

"Ninajua," akasema. "Andika kilo."

Alitoka na karatasi mpaka kwenye benchi, akachuchumaa mbele ya Nampundu. Akamwambia: Keren ana paketi yake, Syntiche ana paketi yake. Usikate tena. Kila mtu yake nzima, sawasawa. Nampundu alimtazama. Kisha akasema, "Sawasawa," akapokea.

Kasonde alisoma majina kwenye kidirisha. Mpundu Keren. Akamtazama yule mama na yule mtoto mmoja, akanitazama mimi. Alikuwa kwenye kilio, yeye mwenyewe, kofia magotini. Akatoa paketi mbili, akazisukuma nje.

"Liste ni liste," akasema, na sauti yake haikuwa ile.

Ni miezi mitano sasa. Siku yoyote watu wa mradi wanaweza kuuliza kumwona Keren, na siku hiyo tutakwisha wote watatu. Najua kuna mtoto mwingine mahali fulani anayeingoja ile paketi. Usinikumbushe, nalala nayo. Syntiche anakunywa gélule nzima. Amerudi shule, na juzi aliniuliza tena habari za mizani. Lakini liste haitoki famasi bila kilo mbele ya kila jina, na kilo naandika mimi. Mwezi uliopita Syntiche aliongeza nusu kilo, basi na Keren nikamwongezea nusu kilo.